Siti binti Saad katika Historia ya Sanaa za Maonyesho ya Waswahili

1.0 Utangulizi

Siti binti Saad amekwisha kuandikwa mara nyingi, lakini karibu kila mara ameandikwa kama mwimbaji tu. Shaaban Robert, aliyeonana naye Unguja muda mfupi kabla ya kifo chake, aliandika wasifu unaomtukuza kama kielelezo cha maadili: mtu aliyezaliwa katika unyonge akainuka kwa juhudi, subira na heshima. Wanahistoria wa taarabu nao wamemwona kama mlango ambao muziki wa kasri uliupitia kuwafikia watu wa kawaida. Makala haya hayakanushi maoni hayo. Yanachodai ni kwamba maisha ya Siti hayaeleweki vyema mpaka atazamwe pia kama msanii wa maonyesho. Historia ya maonyesho yetu, ikianzwa na michezo ya kuigiza ya shule za kikoloni, humwacha nje mmoja wa watu walioitengeneza hadhira ya Waswahili.

2.0 Kutoka Fumba hadi Mjini

Siti alizaliwa Fumba, kusini mwa mji wa Unguja, takribani mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua wa pande za Tanga, na wote wawili walikuwa watumwa. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Jina hilo halikuwa la ajabu kwa zama zile, kwa kuwa amri ya kuondoa utumwa Unguja ilitolewa mwaka 1897, yeye akiwa tayari mtu mzima. Hata baada ya amri hiyo, asili ya mtu iliendelea kuamua angekaa wapi, angevaa nini na angeolewa na nani. Kwa hiyo, kutoka kuitwa Mtumwa hadi kuitwa Siti, neno la Kiarabu lenye maana ya bibi mwenye heshima, kulikuwa na maana kubwa kuliko kubadili jina la kazi. Ni muhtasari wa mapambano ya kizazi kizima cha watu waliokuwa wakitafuta kutambuliwa kuwa Wazanzibari kamili.

Kwao walikuwa wafinyanzi, naye Siti alitembeza vyungu hadi mjini huku akiimba ili kuwavuta wanunuzi. Waandishi wengi hulitaja jambo hili kama dokezo la kipaji chake, kisha huliacha. Sisi tunaliona kuwa mafunzo yake ya kwanza. Mchuuzi anayeimba hana jukwaa wala hadhira iliyokaa ikimsubiri. Hana budi kuiunda hadhira hiyo njiani, kuisimamisha, na kujua wakati wa kunyamaza. Shule za wakati huo hazikumfungulia mlango mtoto wa kike wa hali yake, lakini barabara ya Fumba ilimfundisha.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, mwanachama wa Nadi Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu kilichoasisiwa mwaka 1905. Huyo ndiye aliyemfunza uimbaji na misingi ya muziki wa Kiarabu. Ikumbukwe kuwa taarabu ilikuwa imeletwa katika kasri zama za Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888 na ambaye alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza ala. Ilikuwa ni sanaa ya wanaume, ya wenye nasaba, na lugha yake kuu ilikuwa Kiarabu. Siti hakuwa na sifa hata moja kati ya hizo.

3.0 Jukwaa la Ng'ambo

Siti aliungana na wanamuziki mahiri, miongoni mwao Subeti Ambar, Mbaruku Talsam, Buda Swedi na Mwalimu Shaaban. Walialikwa katika nyumba za matajiri na katika kasri la Sultani, lakini nyumbani kwao kisanaa kulikuwa Ng'ambo, mtaa wa waliokuwa watumwa, vibarua na wageni kutoka bara. Huko watu walikusanyika usiku nyumbani kwa Siti, na mambo yaliyotokea mchana yaligeuzwa wimbo.

Mfano mashuhuri ni wimbo wa Kijiti. Kisa chake kinahusu mauaji ya mwanamke aliyekuja Unguja akiwa mgeni. Mtuhumiwa alitorokea bara, na sheria ikawaangukia wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi. Wimbo unataja wahusika, unapanga matukio, na unaiachia hadhira kazi ya kuhukumu kile ambacho mahakama haikuhukumu kwa haki. Muundo huo ni wa kidrama. Hadhira ya Ng'ambo haikuwa ikistarehe tu. Ilikuwa imeketi kama baraza la pili, na Siti alikuwa msemaji wake. Hali kadhalika, masimulizi ya mtaa huo yanakumbuka kuwa nyimbo zilifuatana na vichekesho vifupi vilivyoitwa natiki. Haitoshi, basi, kusema kwamba bendi hii ilipiga muziki pekee.

Ustadi wake wa jukwaani ulidhihirika pia aliposhambuliwa. Wapinzani walimtungia maneno ya kejeli kuhusu asili yake ya shamba na sura yake, wakidai kuwa hana lolote ila sauti. Jibu lake, nalo kwa wimbo, lilikuwa kwamba uzuri wa sura na wingi wa nasaba si kitu mbele ya akili na elimu. Aliichukua hoja ya adui, akaisema mbele ya watu, kisha akaigeuza. Majibizano ya namna hii yana mizizi katika malumbano ya kishairi ya pwani, lakini Siti aliyatumia kutetea haki ya mtu wa tabaka lake kusimama mbele ya watu na kusikilizwa.

4.0 Sauti Iliyoachana na Mwili

Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo kwa chapa ya His Master's Voice. Zilikuwa miongoni mwa santuri za kwanza za Kiswahili kuuzwa kwa wingi, na mafanikio yake yaliyavuta makampuni mengine kushindania soko la Afrika Mashariki. Hapa panatokea jambo ambalo wanafunzi wa maonyesho wanapaswa kulizingatia. Reli iliyoanzia Tanga ilikuwa imefika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ikipitia Same na Lembeni chini ya milima ya Upare. Kwa njia kama hizo bidhaa za pwani ziliweza kuingia bara. Msikilizaji wa gramafoni mbali na Unguja hakumwona Siti, hakuona natiki, wala hakuwajua watu waliotajwa katika nyimbo. Alichokipata ni sauti na lugha.

Santuri, kwa hiyo, ilimpa Siti hadhira ambayo hakuna mwimbaji wa kasri aliyewahi kuipata, na ilikithibitishia Kiswahili kuwa lugha ya sanaa ya kisasa. Lakini kwa upande mwingine ilipunguza sanaa yake. Kilichohifadhiwa kilikuwa wimbo wa dakika chache. Mwendo, utani na majibizano na waliohudhuria havikurekodiwa. Sisi tuliorithi santuri tumedhani kwamba ndiyo sanaa yote.

5.0 Hitimisho

Siti binti Saad alifariki tarehe 8 Julai 1950. Jina lake halikupotea: Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake Tanzania kililipa jarida lake jina la Sauti ya Siti, na waimbaji waliomfuata, akiwemo Bi Kidude aliyefariki mwaka 2013, waliendelea kuziimba nyimbo zake. Hata hivyo, katika kumbukumbu hizo zote neno linalotawala ni sauti. Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba sauti hiyo ilikuwa na mahali, hadhira na kesi ya kutetea. Mtu aliyepewa jina la Mtumwa alisimama mbele ya masultani na vibarua, akawafanya wote wamsikilize kwa Kiswahili. Mihadhara yetu ya historia ya maonyesho ingefaa ianzie mapema kuliko michezo ya shule, nyumbani kwake Ng'ambo.