Josiah Quincy: Meya aliyeipa Boston zimamoto, akafunga shule ya wasichana

JOSIAH Quincy, aliyekuwa Meya wa Boston, Marekani, hakungojea taarifa za makarani. Alfajiri alikuwa tayari juu ya farasi, akikagua mitaa na masoko kwa macho yake mwenyewe.

Alizaliwa mjini humo mwaka 1772, akasoma Harvard, kisha akawa mbunge kuanzia mwaka 1805 hadi 1813, akipinga vita vya 1812 dhidi ya Uingereza. Alishika umeya mwaka 1823, mwaka mmoja tu baada ya Boston kupata hadhi ya jiji, akachaguliwa mara sita mfululizo.

Usalama ulitangulia yote. Alifuta leseni za vilabu vya pombe katika mitaa ya madanguro. Ghasia zilipozuka mwaka 1825, walinzi wakiwa wachache, aliwakusanya wachukuzi wa mikokoteni, watu wa miraba minne, akawaongoza yeye mwenyewe kwenda kuzizima.

Kuhusu moto, wakazi walikuwa bado wakipanga mistari na kupokezana ndoo. Quincy alitaka mipira ya maji, matangi chini ya ardhi na idara moja yenye amri moja. Vikosi vya kujitolea, vilivyozoea kujitawala, vilinuna. Vingine vikarudisha pampu zao. Idara ikaundwa hivyo hivyo.

Katika elimu ndipo alipojikwaa. Februari 1826 jiji lilifungua sekondari ya wasichana. Waliojitokeza kuomba walikuwa 286, nafasi zikiwa 130 hivi. Wavulana wengi waliacha shule yao mapema wakaenda kufanya kazi madukani. Wasichana hawakutaka kuondoka. Gharama zikatishia kupanda, na Quincy, ambaye hakusita kuijengea Boston soko kubwa la mawe linaloitwa kwa jina lake, aliona jiji halimudu. Mwaka 1828 shule ikafungwa. Ni vigumu kumtetea hapo: ilifungwa kwa sababu ilipendwa mno.

Hasira za wazazi zilikutana na kinyongo cha wazima moto. Desemba 1828 alikosa wingi wa kura katika duru mbili, akajitoa. Aliiongoza Harvard kuanzia 1829 hadi 1845, akafariki dunia Julai 1, 1864 akiwa na umri wa miaka 92.

Wasichana wa Boston walisubiri hadi mwaka 1852 ndipo jiji likawafungulia shule nyingine ya ngazi hiyo, nayo ilikuwa ya ualimu.