Joseph Wright: Kutoka Kiwanda cha Sufu hadi Kamusi ya Lahaja

Miongoni mwa wanaisimu waliochangia pakubwa uchunguzi wa lahaja, ni nadra kumpata aliyeanza maisha mbali na kalamu kama marehemu Joseph Wright. Mtaalamu huyu alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1855 huko Thackley, kijiji kilicho karibu na Bradford, kaskazini mwa Uingereza. Bradford ya wakati huo ilikuwa mji wa sufu uliofura ghafla; wakazi wake walikuwa wameshapita 100,000 na wengi wao waliishi kwa kutegemea viwanda. Nyumbani na kazini Wright hakusikia Kiingereza sanifu. Alichosikia ni lahaja ya Yorkshire, lugha ya wafumaji na wachimba mawe, ambayo wasomi wengi waliihesabu kuwa Kiingereza kilichoharibiwa na wasiojua.

Alipokuwa na umri wa miaka sita tu alianza kazi katika timbo la mawe, akiongoza punda aliyebeba vyuma vya wachimbaji kwenda kunolewa kwa mhunzi. Mwaka uliofuata aliingia kiwanda cha Titus Salt huko Saltaire. Kazi yake ilikuwa kuondoa kwenye mashine vibiringo vilivyojaa uzi na kuweka vitupu mahali pake. Watoto wa kiwandani walifanya kazi nusu ya siku na kusoma nusu iliyosalia, lakini mpango huo haukumfaa Wright. Alitoka shuleni bila kujua kusoma wala kuandika. Baadaye alihamia kiwanda kingine akawa mchambua sufu.

Mwaka 1870 vita vilizuka baina ya Ufaransa na Prussia. Wakati wa mapumziko ya chakula, wafanyakazi walisomeana habari za vita gazetini, naye Wright alilazimika kungoja hisani ya wenzake. Jambo hilo lilimkera mno. Akaanza kujifunza kusoma kwa Biblia na kwa kitabu cha John Bunyan kuhusu safari ya Mkristo, kisha akajiunga na masomo ya jioni mjini Bradford, ambako alisoma Kifaransa, Kijerumani na Kilatini. Alipofika miaka 18 alikuwa ameshafungua darasa lake la usiku nyumbani kwa mama yake, akiwatoza vijana wenzake peni mbili kwa wiki.

Ikumbukwe kwamba mwaka huo huo wa 1870 ndipo ilipopitishwa sheria ya elimu iliyowasilishwa na W. E. Forster, mbunge wa Bradford na mwenye kiwanda cha sufu. Sheria hiyo ilifungua njia ya kuwapo shule za msingi kote Uingereza na Wales. Ilikuwa neema kubwa kwa watoto waliokuwa katika hali aliyokuwamo Wright. Hata hivyo, shule hizo zilifundisha Kiingereza sanifu, na lahaja ikabaki lugha ya uani. Kitanzi hicho kilimkabili Wright maisha yake yote: elimu iliyomkomboa ndiyo iliyokuwa ikiifuta lugha ya mama yake.

Katika lahaja hiyo kuna kitenzi laik, chenye asili ya lugha ya Waskandinavia waliolowea Yorkshire zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Maana yake ni kucheza, na pia kukaa bila kazi kiwanda kinapofungwa. Mwaka 1876 kiwanda alichofanyia kazi Wright kilisimama kwa muda. Badala ya kukaa, alichukua pauni 40 alizokuwa ameziweka akiba, akavuka bahari hadi Antwerp, na kutoka huko akatembea kwa miguu hadi Heidelberg, Ujerumani. Fedha zilipomwishia alirudi nyumbani kufundisha. Mwaka 1882 alikwenda tena Heidelberg, na mwaka 1885 akatunukiwa shahada ya uzamifu.

Huko Ujerumani alikutana na fikra za Wanasarufi Mamboleo, akiwemo mwalimu wake Hermann Osthoff, walioshikilia kwamba sauti za lugha hubadilika kwa kanuni. Yamkini hapa ndipo mchambua sufu alipopata silaha yake. Ikiwa kanuni hizo ni za kweli, basi hazichagui lugha ya ikulu na kuiacha ya kiwandani. Mwaka 1892, akiwa mhadhiri Oxford, alichapisha sarufi ya lahaja ya Windhill, kijiji alikokulia. Humo alizifuatilia sauti za majirani zake moja baada ya nyingine hadi kwenye asili yake katika Kiingereza cha kale. Kwa maoni ya wengi, hiyo ndiyo sarufi ya kwanza ya kisayansi ya lahaja hai ya Kiingereza.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa bado. Chama cha Lahaja za Kiingereza, kilichoundwa mwaka 1873 na W. W. Skeat, kilikuwa kimekusanya vikaratasi vya maneno visivyohesabika, na Wright akakabidhiwa jukumu la kuvihariri. Alikubali kuchapisha kamusi hiyo kwa fedha zake mwenyewe, jambo ambalo lingeweza kumfilisi. Isitoshe, maneno mengi yalikuwa hayajafika vitabuni, hivyo ikabidi awaendee wenyewe wenye lugha. Kamati ya wakusanyaji iliyoundwa Yorkshire mwaka 1894 ilizaa Chama cha Lahaja ya Yorkshire mwaka 1897, mwaka ule ule Bradford ilipopewa hadhi ya jiji.

Kamusi hiyo ilitoka kwa majuzuu 6 kati ya 1898 na 1905, ikikusanya maneno ya lahaja yaliyotumika kwa miaka 200. Ina upungufu wake: imeegemea vijiji kuliko miji, na baadhi ya maeneo yamewakilishwa vizuri kuliko mengine. Mwenyewe alizaliwa na moshi wa viwanda, lakini usemi wa viwandani haukupata nafasi iliyoustahili.

Mwaka 1901 Wright aliteuliwa kuwa profesa wa isimu linganishi huko Oxford, ambako J. R. R. Tolkien alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake. Mkewe, Elizabeth Mary Lea, naye alikuwa mtaalamu wa lahaja. Watoto wao wawili walifariki wangali wadogo. Inasimuliwa kwamba mama yake alipomtembelea Oxford na kuonyeshwa jengo la chuo cha All Souls, alisema kwa lahaja yake kwamba lingefaa sana kuwa duka la ushirika. Wright alifariki tarehe 27 Februari 1930, akiwa bado na lafudhi ya Yorkshire.