Abdullah bin Umar: Swahaba aliyekataa kumuua mateka wake

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Swahaba zake.

Ndugu Waislamu, tunaulizwa mara nyingi: askari akiamrishwa kumuua asiyestahiki kuuawa, dhambi ni yake au ya mkubwa wake? Tumtazame kwanza Abdullah bin Umar bin Al-Khattab (R.A.).

Alizaliwa Makka yapata miaka 10 kabla ya Hijra, akahamia Madina akiwa bado mtoto. Siku ya Uhud alijitokeza kupigana akiwa na miaka 14, Mtume (S.A.W.) akamrudisha kwa udogo wake. Alikubaliwa katika vita vya Khandaq, ametimiza 15. Kwa hivyo hakuwa mtu wa kuogopa vita.

Mwaka wa 8 Hijria, baada ya kufunguliwa Makka, alikuwa katika kikosi cha Khalid bin Al-Walid (R.A.) kilichotumwa kuwalingania Bani Jadhima. Watu wale hawakujua kutamka vizuri kwamba wamesilimu, wakasema tu kuwa wameacha dini yao. Khalid hakuridhika na tamko hilo. Wengine wakauliwa, wengine wakatekwa, na kila askari akakabidhiwa mateka wake. Kisha ikatoka amri kila mmoja amuue aliye naye.

Ibn Umar akaapa kwamba hatamuua mateka wake, wala wenzake hawatawaua wao. Habari zilipomfikia Mtume (S.A.W.), aliinua mikono akajitenga mara mbili mbele ya Allah na kitendo kile, na Ali (R.A.) akatumwa kulipa dia za waliouawa. Wanavyuoni wanasema Khalid alikosea katika kufahamu, hakukusudia dhulma, nasi tunamtaja kwa heshima. Lakini Ibn Umar hakulaumiwa kwa kukataa.

Ni yeye huyu aliyetupokelea kwamba kumtii kiongozi ni wajibu maadamu hajaamrisha maasi, na kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kuua wanawake na watoto vitani. Fitna ilipowagawa Waislamu, aliuzuia upanga wake. Alifariki Makka mwaka wa 73 Hijria, umri umepindukia miaka 80.

Basi jibu ni hili: dhambi ni ya wote wawili. Katika madhehebu yetu ya Shafi, anayeua kwa amri bila ya kulazimishwa, naye anajua kuwa ni dhulma, kisasi kiko juu yake. Hata aliyelazimishwa kwa kutishiwa roho yake hahalalishiwi roho ya mwenziwe, kwani yake si bora kuliko ya yule. Suratul Qasas imewahukumu Firauni, Hamana na majeshi yao kwa pamoja, na Suratul Ahzab inatueleza kuwa watakaosingizia wakubwa zao Siku ya Kiyama hawatanufaika.

Mwenye mtoto jeshini amfundishe haya kabla amri haijamfika. Wallahu a'alam.