Sam Walton: muuza duka aliyewapigisha foleni wenye viwanda

Wasomaji wetu walioko Marekani wanalifahamu vizuri duka la Walmart. Ndiko wenzetu wanakojazia masanduku kabla ya safari ya nyumbani, na ndiko sisi tusioweza kurudi tunakonunua vizawadi vya kuwabebesha. Bei hizo rahisi zina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilianza na chupi za kike.

Samuel Moore Walton alizaliwa Machi 29, 1918, mjini Kingfisher, Oklahoma, akakulia Missouri wakati Marekani imebanwa na dhiki ya uchumi ya miaka ya 1930. Alikamua ng'ombe, akauza maziwa na kusambaza magazeti. Alimaliza Chuo Kikuu cha Missouri mwaka 1940, akafanya kazi katika duka la J.C. Penney, kisha akaingia jeshini wakati wa vita.

Mwaka 1945, akiwa na dola 5,000 zake na mkopo wa dola 20,000 kutoka kwa baba mkwe, alinunua duka dogo mjini Newport, Arkansas. Duka hilo lilikuwa chini ya jina la Ben Franklin, na mkataba ulimtaka anunue sehemu kubwa ya bidhaa kwa kampuni hiyo, kwa bei ya kampuni. Chupi dazeni moja aliuziwa dola 2.50, naye akauza tatu kwa dola moja. Akampata wakala wa New York aliyemuuzia dazeni kwa dola 2. Walton akaanza kuuza nne kwa dola moja. Faida ya kila chupi ilipungua, lakini wateja walifurika na mapato yakapanda. Tangu hapo hakuacha kumkwepa mtu wa kati. Alifunga tela nyuma ya gari, akavuka mto Mississippi hadi Tennessee kufuata mzigo wa bei nafuu.

Mwaka 1950 alinyang'anywa riziki. Mwenye jengo alikataa kuongeza mkataba wa pango kwa sababu alilitaka duka kwa ajili ya mwanawe. Walton akahamia Bentonville na kuanza upya. Walmart ya kwanza ilifunguliwa Rogers mwaka 1962, na hisa zake zikauzwa kwa umma mwaka 1970.

Hapo ndipo mizani ilipogeuka. Zamani yeye ndiye aliyewafuata wauzaji, sasa wenye viwanda walimfuata yeye Bentonville, wakasubiri zamu yao kuingia katika vyumba vidogo visivyo na pambo. Wanunuzi wa Walmart walikatazwa kupokea zawadi, hata chakula cha mchana. Lililozungumzwa mezani lilikuwa bei tu.

Haki itendeke: wapo walionufaika. Mwaka 1987 Walton alikubaliana na Procter & Gamble kupeana taarifa za mauzo kwa kompyuta, ili kiwanda kijue kinachopungua rafuni na kukileta bila kungoja oda. Mwaka 1985 alianzisha kampeni ya kununua bidhaa za Marekani, na kiwanda kidogo cha mashati mjini Brinkley, Arkansas, kilichokuwa hoi, kikapata oda kubwa. Mwaka huohuo jarida la Forbes lilimtaja kuwa Mmarekani tajiri kuliko wote, naye akaendelea kuendesha pikapu yake kuukuu.

Alifariki Aprili 5, 1992, akiwa na umri wa miaka 74. Desemba mwaka huo televisheni ya NBC ilionyesha watoto wa Bangladesh wakishona nguo zilizouzwa chini ya mabango ya kampeni yake. Tunavyoona sisi, hakukuwa na la kushangaza. Ukimbana mshonaji kila mwaka apunguze senti, kazi itahamia kwa anayelipwa kidogo zaidi.

Kilichowapata Vlasic, watengenezaji wa achari ya matango, kilitokea baada ya kifo chake, lakini hesabu ilikuwa ileile ya chupi. Walmart iliuza chupa yao ya galoni nzima kwa dola 2.97. Chupa ziliuzika kupita kiasi, huku Vlasic ikibakiwa na senti moja au mbili kwa kila chupa, na wanunuzi wakiacha zile ndogo zenye faida. Walipoomba kupandisha bei walikataliwa, na kugoma hawakuweza, kwa kuwa karibu theluthi ya biashara yao ilikuwa Walmart. Januari 2001, wakiwa pia na mzigo wa madeni mengine, walienda mahakamani kutangaza kufilisika.