Maria Agnesi na mstari uliopinda

Nikiwa sekondari hapa Sengerema, nilipata sufuri kwenye grafu zilizopinda, nikajiona sina akili kabisa. Mstari ulionyooka una mteremko mmoja tu. Uliopinda, mteremko unabadilika kila nukta! Kumbe unachora mstari ulionyooka unaoigusa nukta ile, kisha unapima mteremko wake.

Baadaye nikamjua Maria Gaetana Agnesi, Mkatoliki wa Milano, aliyezaliwa mwaka 1718. Mwaka 1748 alitoa kitabu cha juzuu mbili kinachofundisha hesabu hizo hatua kwa hatua, kwa ajili ya vijana wa Italia. Mwaka 1750 Papa Benedikto XIV alimteua kufundisha Chuo Kikuu cha Bologna. Hakwenda. Baba yake alipofariki mwaka 1752, aliweka hesabu pembeni, akawahudumia maskini na wagonjwa mpaka alipofariki 1799. Akazikwa kaburi moja na maskini.

Jamani, sufuri yangu ilikuwa nukta moja tu. Leo jioni, kabla ya kulala, jiulize: kwa hapa nilipo sasa, napanda au nashuka? Kisha sali.