Mackay: Mhandisi aliyefariki Usambiro kabla meli yake haijaelea

KATIKA miji ya ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama hadi Ushirombo na Geita, mitungi ya chuma inayofanya kazi kwa joto na shinikizo si jambo geni tena. Mitambo ya kuchenjua dhahabu huitumia kuitoa dhahabu iliyonaswa na kaboni, na usalama wa wanaofanya kazi kando yake hutegemea ubora wa bamba la chuma ambalo mtungi umetengenezwa kwalo.

Wachache, hata hivyo, wanakumbuka kwamba katika nchi hizi za kusini mwa Ziwa Victoria mafundi walikuwa wakiunga boila la mvuke zaidi ya miaka 130 iliyopita, kabla hata Mapadri Weupe hawajafungua misheni yao Ushirombo mwaka 1891. Kazi hiyo ilifanyika Usambiro, na aliyeiongoza alikuwa mhandisi Mskoti, Alexander Murdoch Mackay.

Mackay alizaliwa Oktoba 13, 1849 katika kijiji cha Rhynie, Aberdeenshire, akiwa mtoto wa mchungaji. Baba yake alitamani mwanawe amfuate katika huduma ya kanisa, lakini kijana alivutwa zaidi na mashine. Alisomea ualimu na kisha uhandisi mjini Edinburgh, na mwaka 1873 akaenda Ujerumani. Huko Berlin aliajiriwa kama mchoraji wa mashine, akapanda hadi kuongoza idara ya vichwa vya treni.

Kazi hiyo ndiyo iliyomfundisha boila. Kichwa cha treni cha zama zile kilikuwa boila lililowekwa juu ya magurudumu, na aliyekichora alilazimika kujua bamba la chuma linavumilia nini na linashindwa wapi.

Mwaka 1876 aliiacha kazi hiyo na kujiunga na Church Missionary Society, iliyokuwa ikituma watu kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Alifika Zanzibar mwishoni mwa Mei mwaka huo. Safari ya kwanza ya bara ilimshinda kwa maradhi, akarudishwa pwani. Hakukaa bure: mwaka 1877 alisimamia ukataji wa barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, umbali wa takriban kilomita 370.

Juni 1878 alifika Kageye, mashariki ya Mwanza, ambako shehena ya misheni ilikuwa imehifadhiwa. Wenzake wawili, Shergold Smith na O'Neill, walikuwa wameuawa Ukerewe Desemba 1877. Alikuta vipande vya injini, ganda la boila, mabomba, herufi za chapa, vitabu na mbegu za bustani vimechanganyika katika lundo moja. Kwa siku kumi alifanya kazi tangu alfajiri hadi giza, akaziunganisha injini na kuliweka boila tayari kupigwa ribiti.

Lakini ilimbidi kwanza aende Buganda, alikowasili Novemba 1878. Alikaa huko karibu miaka tisa, akihunzi, akijenga, akichapa vitabu na kufasiri Injili ya Mathayo kwa Kiganda. Watu walimpa jina la Mzungu wa Kazi. Alikuwepo Mutesa alipofariki mwaka 1884, na Mwanga alipowaua wakristo vijana baada ya hapo. Julai 1887 alilazimika kuondoka, akavuka ziwa na kuweka makazi Usambiro.

Huko ndiko ndoto ya meli ya mvuke ilikofufuka. Ziwa lilimfundisha Mackay kwamba anayetegemea mitumbwi ya mfalme huwa mateka wa mfalme huyo. Chombo chenye injini yake kingeweza kupeleka barua, chakula na watu bila kuomba ruhusa. Moyo wa chombo hicho ulikuwa boila.

Boila ni chungu kilichofunikwa kisipumue. Maji yakichemka ndani, mvuke husukuma kila upande, na katika mtungi wa duara nguvu inayotaka kuupasua kwa urefu huwa maradufu ya ile inayotaka kuukata kwa kuuzunguka. Ndiyo maana mafundi waliupa mshono wa urefu ribiti nyingi zaidi. Ribiti yenyewe hupigwa ikiwa nyekundu. Inapopoa hunywea na kuyabana mabamba pamoja.

Bamba linalofaa si lile gumu kuliko yote. Chuma kigumu mno hupasuka ghafla kama kigae, bila kutoa onyo. Kinachotakiwa ni chuma chenye nguvu ya kuvutwa na papo hapo chenye unyumbufu, ili kikizidiwa kirefuke kwanza kabla ya kukatika. Hadi leo, bamba la kawaida la mitungi ya shinikizo hutakiwa lirefuke kwa takriban moja ya tano ya urefu wake kabla ya kukatika.

Miaka ile ile ya Mackay, Ulaya ilikuwa ikiacha chuma laini cha kufuliwa na kuingia katika chuma cha pua. Mabadiliko hayo yalikuja na maafa yake. Mwaka 1880, mabamba ya boila la meli Livadia ya mfalme wa Urusi, iliyojengwa Glasgow, yalipasuka wakati wa majaribio. Wahandisi walijifunza kwamba tundu linalotobolewa kwa kishindo huukausha ukingo wake ukawa mwepesi kupasuka. Dawa ilikuwa kulichoma bamba hadi liwe jekundu na kuliacha lipoe polepole, au kuipanua tundu kwa kuukwangua ule ukingo ulioharibika.

Kanuni hiyo ndiyo inayotumika viwandani hadi sasa kwa vipimo vya uhakika. Bamba hupashwa moto hadi karibu nyuzi joto 900 za Selsiasi kisha likapozwa hewani, ili chembe zake ziwe ndogo na za kulingana. Mengine hutiwa maji na kupashwa tena kwa joto la chini, yabaki na nguvu bila kuwa makavu. Kwa jicho, bamba lililotendewa hivyo halitofautiani na lisilotendewa.

Usambiro haikuwa na maabara. Ilikuwa na karakana imara, tanuri, nyundo na wahunzi. Wala uhunzi haukuwa mgeni hapo: Warongo waliyeyusha mawe ya chuma katika nchi ya Uzinza na sehemu za Kahama, na majembe ya Uzinza yaliuzwa hadi mbali Unyamwezi. Chuma chao kilitosha kwa jembe, lakini mabamba ya boila yalitoka Ulaya, yakabebwa vichwani na wapagazi kutoka pwani.

Henry Morton Stanley, aliyepita Usambiro na Emin Pasha kuanzia Agosti hadi Septemba 1889, aliwakuta wahunzi wakilitengeneza boila hilo, huku magogo ya mbao yakisubiri msumeno. Simulizi lake liliwataja wahunzi hao kwa kazi yao tu. Jina lililobaki ni la Mackay.

Tangu afike Afrika, Mackay hakuwahi kurudi kwao hata mara moja. Mapema Februari 1890 malaria ilimkamata, na baada ya siku chache akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 40. Meli ilikuwa bado haijaelea. Alizikwa Usambiro, hadi mwaka 1927 mabaki yake yalipohamishiwa Namirembe, Kampala. Meli za mvuke zilikuja kutawala ziwa hilo mwanzoni mwa karne ya 20, zikiletwa na reli na fedha za serikali.

Ushirombo sasa ni makao makuu ya Wilaya ya Bukombe, iliyohamishwa kutoka Mkoa wa Shinyanga na kuingizwa katika Mkoa mpya wa Geita mwaka 2012. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka maboila na mitungi ya shinikizo ikaguliwe. Kabla ya kuruhusiwa kufanya kazi, mtungi hujazwa maji na kusukumwa kupita shinikizo lake la kawaida, kwa kuwa maji hayajikunji kama mvuke: bamba likishindwa, huvuja badala ya kulipuka na kuua.

Mackay alikaa miaka 11 na boila lisilokamilika, tangu Kageye hadi Usambiro. Katika ukanda ambao leo kila mwenye mtaji hutamani mtungi wake uanze kutoa dhahabu kesho, subira hiyo ya fundi ina thamani kuliko meli ambayo hakuiona.