Louis Pasteur hakukana viini kitandani

Wamezuka watu, na tangu mlipuko wa Korona wa 2020 sauti zao zimepanda, wanaoshikilia kwamba virusi havipo. Kwao, virusi ni uzushi wa madaktari na wauzaji dawa, ilhali maradhi yote huchimbuka ndani ya mwili wenyewe uliochafuka au kudhoofika. Hoja zao ni nyingi na ukurasa huu hautoshi kuzipitia zote. Lakini ipo moja iliyokwisha kuingia madarasani, na wanafunzi wamewahi kuniletea kana kwamba ni jambo lisilo na shaka: kwamba Louis Pasteur, Mfaransa aliyeufundisha ulimwengu habari za viini vya maradhi, alipokuwa akikata roho mwaka 1895 aliyakana mafundisho yake, akakiri kuwa kiini si chochote na hali ya mwili ndiyo kila kitu. Mimi si tabibu. Kazi yangu ni isimu. Hata hivyo, suala la mtu kusema au kutosema jambo ni suala la ushahidi, na maneno ya watu ndiyo riziki yangu. Naomba basi msomaji aniwie radhi nikimsimulia maisha ya mzee huyu, hususan yale yanayoigusa tuhuma hii.

Kabla ya hayo, neno lenyewe. Katika Kilatini lilimaanisha sumu, na Pasteur alilitumia kwa maana pana ya kiini chochote kiambukizacho. Kiswahili kilipolipokea, kiliidhania silabi yake ya kwanza kuwa kiambishi cha ngeli ya KI-VI, na hivi leo tunanena kirusi kimoja na virusi vingi pasi na haya. (Lugha nayo ina mizaha yake: Kirusi ni lugha ya Warusi pia, na miongoni mwa watu wa kwanza kuonyesha athari za viumbe hivi, mnamo 1892, alikuwa Mrusi, Dmitri Ivanovsky.) Kwa hiyo wapingao wanaposema kwamba Pasteur hakuwahi kukiona kirusi hata kimoja, wanasema kweli. Swali ni iwapo kutoona huko kunathibitisha lolote.

Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika mji wa Dole, mashariki mwa Ufaransa, akakulia Arbois. Baba yake alikuwa mtengenezaji ngozi aliyewahi kuwa askari wa Napoleon. Kijana huyo alijua kuchora vizuri kuliko alivyojua sayansi, na huenda jicho hilo la mchoraji ndilo lililomwezesha mwaka 1848, akiwa na umri wa miaka 25, kubaini kwamba fuwele za chumvi fulani zilikuwa za namna mbili zinazofanana kama mkono wa kulia unavyofanana na wa kushoto. Alikuwa mkemia, wala hakuwahi kuwa daktari. Jambo hili linafaa kukumbukwa, maana lilimletea dharau za matabibu hadi uzeeni.

Alipokuwa akifundisha Lille katika miaka ya 1850 alianza kuchunguza kwa nini maji ya viazisukari huchacha vizuri mara moja na kuharibika mara nyingine. Akahitimisha kuwa kuchacha ni kazi ya viumbe hai vidogo, na kwamba viumbe hivyo haviibuki vyenyewe kutoka katika uchafu bali huzaliwa na wenzao. Hapo ndipo alipoanza kukwaruzana na Antoine Béchamp, profesa wa Montpellier, ambaye ndiye imamu wa wapingao virusi wa leo. Béchamp aliamini kwamba kila mwili umejaa chembechembe ndogo ambazo, mwili ukiugua, hugeuka kuwa bakteria. Yaani kijidudu ni tokeo la maradhi wala si chanzo chake. Hakuwa mjinga, na Pasteur hakumtendea uungwana katika mabishano yao. Lakini uungwana ni jambo moja na ukweli ni jambo lingine.

Nyumba ya Pasteur nayo ilikuwa ya misiba. Binti zake watatu walifariki kati ya 1859 na 1866, wawili kwa homa ya matumbo. Mwaka 1868 yeye mwenyewe alipatwa na kiharusi kilichouacha upande wake wa kushoto na ulemavu wa kudumu, na kazi zake maarufu zaidi alizifanya akiwa katika hali hiyo.

Inadaiwa kwamba aliipuuza hali ya mwili hadi dakika ya mwisho. Madai haya yanasahau kuku wake. Kwa kawaida kuku hapatwi na kimeta. Mwaka 1878 Pasteur alishuku kwamba joto la mwili wa kuku ndilo linalomkinga. Akamdunga kuku viini vya kimeta, kisha akamzamisha nusu mwili katika maji baridi. Kuku akaugua, akafa. Mwingine aliyedungwa na kupozwa vivyo hivyo alitolewa majini mapema na kutiwa joto, naye akapona. Kuku aliyelowekwa majini bila ya kudungwa hakupata kimeta. Jaribio moja lilionyesha mambo mawili: hali ya mwili ina uzito, na bila ya kiini hali hiyo peke yake haileti ugonjwa. Miaka 17 kabla ya kufa kwake, basi, alikwisha kulifanyia kazi hadharani jambo analodaiwa kulikiri kwa siri kitandani.

Sasa tufike kwenye kichaa cha mbwa, ambako mjadala wa virusi unahusika hasa. Alianza kukichunguza mwishoni mwa 1880. Yeye na wasaidizi wake, hasa Émile Roux, walitafuta kijidudu chake kwa hadubini, wasikipate. Walijaribu kukiotesha katika supu kama walivyootesha viini vya kimeta, hakikuota. Mtu wa kawaida angekata tamaa na kusema hakipo. Wao walichukua kipande cha ubongo wa mnyama aliyekufa kwa kichaa wakakipandikiza chini ya fuvu la mnyama mzima. Mnyama huyo aliugua. Ubongo wake ukatiwa kwa sungura, wa sungura huyo kwa mwingine, na kwa mwingine, mara nyingi mfululizo. Ningependa walimu wa sayansi waisimamishe hadithi hapa na kuwauliza wanafunzi wao: lau kitu hicho kingekuwa sumu tupu au uchafu wa mwili, kingetarajiwa kufanya nini? Kingezimuliwa katika kila mnyama hadi kikaisha nguvu, kama chumvi ya kijiko kimoja inayohamishwa kutoka sufuria hadi sufuria. Kilichotokea ni kinyume chake. Muda wa kuugua ulipungua, hata sungura wakawa wanaugua baada ya takriban siku saba, kwa utaratibu mmoja. Kitu kisichopungua kwa kugawanywa ni kitu kinachozaliana. Wazee walikwisha kutwambia kwamba dalili ya mvua ni mawingu, na hakuna aliyewahi kuwabishia kwa kuwa hajaiona mvua yenyewe.

Ili kukidhoofisha kiini hicho, walitundika vipande vya uti wa mgongo wa sungura ndani ya chupa zenye hewa kavu. Baada ya takriban siku 14 ukali ulikuwa umekwisha. Tarehe 6 Julai 1885 mama mmoja kutoka Alsace alimleta Paris mwanawe wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa siku mbili kabla. Kwa kuwa Pasteur hakuruhusiwa kutibu, sindano zilidungwa na Daktari Grancher: 13 kwa muda wa siku kumi hivi, kuanzia uti uliokauka kabisa hadi ule uliokuwa mkali kuliko yote. Mtoto hakuugua. Mwezi Machi 1886 walifika Warusi 19 wa Smolensk waliojeruhiwa na mbwamwitu mwenye kichaa, 16 walinusurika.

Simfanyi Pasteur malaika. Madaftari yake, ambayo aliiagiza familia yake isimwonyeshe mtu, yalifikia maktaba ya taifa ya Ufaransa baada ya mjukuu wake kuyatoa mwaka 1964, na mwanahistoria Gerald Geison akayachambua katika kitabu cha 1995. Yanaonyesha kwamba katika jaribio mashuhuri la chanjo ya kimeta la 1881 alitumia mbinu ya msaidizi wake Chamberland huku akiuacha umma udhani ni yake, na kwamba alipomdunga Meister hakuwa amekamilisha majaribio ya njia hiyo kwa mbwa kama alivyodokeza. Ni makosa, tena si madogo. Lakini wapingao huyachukua madaftari hayo na kuruka kutoka udanganyifu wa mtu hadi kutokuwepo kwa kiini, mruko usiokubalika hata katika insha ya kidato cha pili. Mwaka 1903 Paul Remlinger alionyesha kuwa kiini cha kichaa hupenya chujio linalozuia bakteria. Katika miaka ya 1960 hadubini ya elektroni ilikionyesha, nacho kina umbo la risasi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na dalili zikisha kuanza ni nadra mno mtu kupona. Mzazi wa Kenya aliyeaminishwa kwamba virusi havipo, mwanawe akiumwa na mbwa, atamwosha jeraha, atamlisha vizuri, na hatampeleka kuchanjwa.

Nabakiza kifo. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895 huko Villeneuve-l'Étang, karibu na Paris, akiwa amedhoofishwa na viharusi. Mkwewe, René Vallery-Radot, aliandika wasifu wake kwa kirefu, na ungamo linalosimuliwa leo halimo. Tena, katika masimulizi hayo anadaiwa kumpa ushindi Claude Bernard, rafiki yake aliyefariki 1878, ambaye maandishi yake ya mwisho kuhusu uchachu Pasteur aliyapinga waziwazi. Ili kuyapima, alijengesha vibanda vya kioo juu ya mizabibu yake huko Arbois, akaonyesha kwamba zabibu zilizokingwa dhidi ya viini vya nje hazichachi. Kinachosimuliwa na jamaa zake kuhusu saa zake za mwisho ni kwamba alipewa kikombe cha maziwa, akasema hawezi kukinywa.